Jina ni la Mwenyewe, Daftari Hulihifadhi Tu

Mtoto azaliwapo katika visiwa hivi, jina lake halitoki katika ofisi yoyote. Hutoka kwa wazee wake, aghlabu siku ya saba, kisha hufuatiwa na jina la baba na la babu, hata mtu akitajwa kwa majina yake matatu watu wa mtaani hujua papo hapo ni wa nani na ametoka mji gani. Serikali huja baadaye, na kazi yake katika jambo hili ni moja: kuliandika jina lile kama lilivyo na kulihifadhi. Kazi hiyo yaonekana nyepesi. Hata hivyo imekuwa chanzo cha taabu kubwa kwa wananchi na cha lawama zisizokwisha kwa maofisa, na kwa sababu hiyo hatuna budi kuizungumza leo kwa uwazi.

Tuchukue mfano ambao kila msomaji wetu ataukuta jirani naye. Mtoto amezaliwa Pemba siku ya Alkhamis, baba yake ni Ali na babu yake ni Faki. Katika kadi ya kliniki ameandikwa Khamis Ali. Skuli, mwalimu aliyemwandikisha ameandika Hamisi Ally. Katika kitambulisho ni Khamis Ali Faki. Alipoomba pasipoti, nafasi ya jina la ukoo ikajazwa Faki, na tangu siku hiyo kila afikapo ugenini huitwa Bwana Faki, yaani huitwa kwa jina la babu yake aliyekwisha kufariki. Siku baba yake atakapoaga dunia na mirathi ikafika kwa Kadhi, kijana huyu atatakiwa athibitishe kwamba Khamis na Hamisi ni mtu mmoja, na kwamba Ali na Ally ni baba mmoja. Hajabadili jina hata mara moja maishani mwake. Jina limebadilishwa mikononi mwa watu wengine.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya herufi mbili tatu, wala hayastahili safu ya gazeti. Hatukubaliani nao. Kwa herufi hizo mbili tatu mjane hucheleweshwa kupata kiinua mgongo cha marehemu mumewe, kijana hukosa nafasi ya masomo, na shamba la mikarafuu hukaa miaka bila ya kugawiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha za mtu ambaye hakuubomoa.

Kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, inafaa tuulize kosa limeanzia wapi. Karani si mvivu wala si mjinga kuliko watu wengine. Fomu aliyopewa ndiyo iliyotungwa kwa mila isiyokuwa ya watu anaowaandika. Fomu hiyo yauliza jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo, kana kwamba kila mwanadamu anayo hayo matatu. Kwetu wapo wenye jina la ukoo au nisba ya kabila, nao walitumie kwa amani. Lakini walio wengi hawana. Wana jina lao, la baba na la babu, na kizazi kinachofuata jina la babu huondoka na la mjukuu huingia. Mnyororo huo hutembea. Fomu yataka usimame.

Tena majina yetu mengi yalikaa karne nyingi katika herufi za Kiarabu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kizungu. Ndiyo maana tuna Khamis na Hamisi, Fatma na Fatuma, Salim na Salum, Abdalla na Abdallah, Mohamed na Muhammad. Hakuna lililo sahihi kuliko jingine. Lililo sahihi ni lile ambalo mwenyewe na wazazi wake wamelichagua, mradi liandikwe vivyo hivyo kila mahali.

Isidhaniwe kwamba jina la ukoo lisilobadilika ni jambo la asili kwa mataifa mengine yote. Katika nchi nyingi lilikuja kwa amri ya serikali, na mara nyingi kwa ajili ya kodi, hesabu ya watu na jeshi. Visiwa vya Ufilipino, vilipokuwa chini ya Hispania, vilipata amri hiyo tarehe 21 Novemba 1849. Gavana Narciso Clavería alichapisha kitabu cha majina ya ukoo, kurasa zake zikagawiwa mikoani, na kila familia ikapewa jina kutoka katika ukurasa uliofika mjini kwao. Hata leo iko miji ambayo majina mengi ya watu wake huanza kwa herufi moja. Uturuki ilipitisha Sheria ya Majina ya Ukoo mwezi Juni 1934, na ndipo Mustafa Kemal alipopewa na Bunge lake, mwezi Novemba mwaka huo, jina la Atatürk, maana yake Baba wa Waturuki. Kabla ya hapo Waturuki waliitana kama tunavyoitana sisi, kwa jina la mtu na la baba yake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Maore, kisiwa cha Komoro kilichobaki chini ya Ufaransa baada ya visiwa vingine vitatu kujitawala mwaka 1975. Watu wake, ambao lugha na mila zao ni jirani na zetu, walikuwa wakiitwa kwa jina la mtu na la baba. Kwa amri ya Serikali ya Ufaransa ya Machi 2000, kila mtu aliyekuwa chini ya sheria ya mila na dini ya kisiwa hicho alitakiwa awe na jina moja la ukoo la kurithiwa na watoto wake, na tume maalumu ikaundwa kuwapitia watu na kuwaandika upya. Kazi hiyo ilichukua miaka. Huo ndio ushahidi wa mambo yanavyokuwa pale daftari linapoamriwa kuibadili mila badala ya kuipokea.

Historia yatuonyesha pia kwamba serikali ikishajiona ndiyo mwenye kutoa majina, haiko mbali na kuyatumia majina kama silaha. Mwezi Februari 1940 Wajapani waliokuwa wakiitawala Korea walianza kuwataka Wakorea wachukue majina ya Kijapani, na katika muda wa miezi sita familia zipatazo nane katika kila kumi zilikuwa zimekwisha kuandikishwa. Mwaka 1946, baada ya Japani kushindwa vita, majina hayo yalifutwa. Nchini Bulgaria, kuanzia Desemba 1984 hadi miezi ya mwanzo ya 1985, raia wa asili ya Kituruki wapatao 800,000 walilazimishwa kuyaacha majina yao ya Kiislamu na kuandikwa kwa majina ya Kibulgaria. Mwaka 1989 zaidi ya watu 300,000 kati yao waliihama nchi. Serikali ile ilipoondoka, sheria ya mwaka 1990 iliwaruhusu waliobaki kurudishiwa majina yao.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya wageni na wakoloni tu. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire, katika siasa yake ya kurejea asili, aliyapiga marufuku majina ya ubatizo, na yeye mwenyewe akaliacha la Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Ndugu zetu wasemao Kiswahili wa Lubumbashi na Bukavu nao waliingia katika amri hiyo. Kadinali Malula aliyeipinga alilazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Nia iliyotangazwa ilikuwa ni kumrudishia Mwafrika heshima yake, na nia hiyo hatuilaumu. Lakini heshima iliyoamriwa kwa vitisho vya kifungo haikudumu: katika miaka ya 1990 majina ya ubatizo yalirudi hadharani. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini hawakusema kwamba mila huletwa na polisi.

Je, hakuna serikali ya kisasa iliyoiacha mila ya watu ikae na bado madaftari yake yakawa safi? Ipo, na tena ni ya kisiwa. Wananchi wa Iceland hawafiki 400,000, yaani ni wachache kuliko watu wa kisiwa cha Pemba peke yake. Walio wengi katika hao hawana majina ya ukoo. Rais wao wa zamani, Mama Vigdís Finnbogadóttir, aliyeongoza tangu 1980 hadi 1996, jina lake la pili maana yake ni binti wa Finnbogi. Basi ni sawasawa na kusema Fatma binti Ali. Wananchi wake humwita Vigdís, kwani hilo ndilo jina lake, na kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina ya watu wenyewe, si ya baba zao. Pamoja na hayo hakuna anayesema kwamba Iceland haiwezi kuhesabu watu wake au kukusanya kodi.

Hatusemi kwamba hata hao hawana dosari. Sheria yao iliweka kamati ya kuyapima majina mapya, na msichana mmoja aliishi hadi umri wa miaka kumi na mitano huku karatasi za serikali zikimwandika kwa neno lenye maana ya “msichana” tu, kwa sababu kamati ililiona jina alilopewa na mama yake kuwa ni la kiume. Mwaka 2013 mahkama ilimpa haki yake. Somo tunalolipata ni kwamba hata serikali inayoihifadhi mila yaweza kuwa nzito mno juu ya mtu mmoja, na kwa hiyo lazima pawe na mlango wa kukatia rufaa.

Jambo jingine ambalo fomu za kigeni hulikosea ni jina la mwanamke aliyeolewa. Kwa mila yetu na kwa sheria ya dini ya walio wengi hapa, mke hubaki binti wa baba yake. Nasaba yake haifutwi kwa ndoa. Nchini Japani sheria bado yawataka mume na mke wawe na jina moja la ukoo, na katika ndoa zaidi ya tisa kwa kila kumi ni mke anayeliacha lake. Mahkama Kuu ya nchi hiyo ililithibitisha sharti hilo mwaka 2015 na tena mwaka 2021, ijapokuwa malalamiko ni mengi. Jimbo la Quebec nchini Kanada, kwa upande wake, liliamua tangu mwaka 1981 kwamba mke atabaki na jina alilozaliwa nalo. Walichokifikia wao kwa sheria, bibi zetu walikuwa nacho tangu zamani. Kwa nini basi mama wa Kizanzibari aulizwe dirishani kwa nini jina lake si sawa na la mumewe?

Sasa tuwe waadilifu kwa maofisa wetu. Mashaka mengine hayakutoka kwao, bali yametoka ng'ambo. Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, mstari wa pasipoti unaosomwa na mashine una nafasi 39 tu za jina, na huligawa jina katika jina kuu na majina mengine. Mwezi Novemba 2022 Umoja wa Falme za Kiarabu uliyaarifu mashirika ya ndege kwamba msafiri wa matembezi ambaye pasipoti yake ina neno moja tu la jina hataruhusiwa kuingia. Mwaka huo huo Indonesia, nchi ya visiwa ambayo marais wake Sukarno na Suharto walijulikana kwa jina moja moja, iliweka kanuni kwamba jina jipya katika daftari liwe na maneno yasiyopungua mawili na herufi zisizozidi 60. Ulimwengu wataka majina yafanane. Ofisa anayekaa dirishani Unguja hawezi kuubadili ulimwengu. Lakini aweza kuhakikisha kwamba majina matatu ya mwananchi yameandikwa yote, kwa mpangilio wake, na kwa herufi zile zile katika kila hati.

Hapa ndipo tunapofika kwenye sheria za kubadili majina. Uingereza haikuwahi kumkataza mtu kuchukua jina alitakalo, mradi asikusudie udanganyifu. Hati ya kubadili jina huwa ni ushahidi wa uamuzi wake tu. Nchi zetu zilirithi njia hiyo. Kenya ina kanuni zake za mwaka 1967, na gazeti rasmi la Serikali hutangaza mabadiliko ya namna hiyo. Ni njia nzuri kwa mtu aliyeamua kubadili jina kwa hiari yake. Lakini kwetu hutumiwa pia kwa mtu ambaye jina lake lilikosewa na karani. Huyu hutakiwa asaini karatasi isemayo kwamba ameliacha na kulikana jina lake la zamani. Ameacha lipi? Khamis hakuwahi kuwa Hamisi. Twamlazimisha mwananchi mkweli atamke, mbele ya sheria, jambo lisilo la kweli, na zaidi ya hayo alipe ada na posho ya mwanasheria.

Ufilipino, wale wale waliogawiwa majina kwa kurasa za kitabu, wameitafutia taabu hii dawa. Kwa sheria ya mwaka 2001, kosa la uandishi katika cheti cha kuzaliwa husahihishwa na msajili wa mji wenyewe bila ya kwenda mahkamani. Mwombaji huleta kiapo na hati zisizopungua mbili zinazoonyesha jina lililo sahihi, na ombi lake hubandikwa hadharani siku kumi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akiwa ng'ambo, hupeleka ombi hilo kwa balozi wa nchi yake. Kubadili jina la kwanza kabisa kuna masharti mazito zaidi, pamoja na tangazo gazetini. Mwaka 2012 sheria hiyo ilipanuliwa, ikaingiza pia makosa ya siku na mwezi wa kuzaliwa. Ufaransa nayo, ambayo tangu sheria ya mwaka 1794 ilimkataza raia kutumia jina lisilokuwa la cheti chake, imelegeza: tangu Julai 2022 mtu mzima aweza, mara moja katika maisha yake, kuchukua jina la mama au la baba kwa kujaza fomu katika ofisi ya mji, kisha arudi baada ya mwezi mmoja kuthibitisha kwamba hakughairi.

Tunajua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Maofisa watasema kwamba mlango ukifunguliwa sana, mdaiwa atalikimbia deni, mhalifu ataificha sura yake, na mrithi wa uongo ataingia katika mirathi isiyo yake. Watakumbusha pia kwamba wapo wazazi na vijana waliosomea vyeti vya watu wengine, kisha wakaja kutaka “masahihisho”. Hayo yametokea, na hatuwatetei waliofanya hivyo. Lakini jibu la udanganyifu si kuwasumbua wote. Leo kila raia aliyeandikishwa ana namba yake ya kitambulisho, ambayo haibadiliki hata jina likibadilika, na kwa sheria ya mwaka 2018 Zanzibar inao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii unaoshughulikia vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho. Deni lifuate namba. Jinai ifuate namba. Jina na liachwe lifanye kazi yake ya asili, ya kumtambulisha mtu kwa watu wake.

Tusisahau vile vile kwamba katika visiwa hivi kubadili jina kumewahi kuwa alama ya uhuru. Baada ya tangazo la Aprili 1897 lililoifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, watu wengi waliokuwa wameitwa kwa majina waliyopachikwa na mabwana zao walijichagulia majina ya kiungwana, wakawapa watoto wao. Hakuna leo anayeweza kusema kwamba walikosea. Kwa hiyo mwenye sababu ya kweli ya kubadili jina asionekane mwovu kabla ya kusikilizwa.

Kwa hayo yote tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, fomu zote za Serikali, kuanzia kliniki hadi pasipoti, ziwe na nafasi za jina la mtu, la baba na la babu, na nafasi ya jina la ukoo iwe ni ya mwenye nalo tu. Pili, kusahihisha kutengwe na kubadili: kosa la karani lisahihishwe wilayani, kwa ushahidi wa sheha na hati mbili za zamani, bila ya ada na bila ya mwanasheria. Tatu, masahihisho yakishafanywa ofisi moja, ofisi nyingine zote ziyapokee, asitumwe mwananchi kuzunguka na bahasha. Nne, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na apewe pa kukatia rufaa, na huduma hiyo iwafikie pia ndugu zetu walioko Omani na nchi nyingine za Ghuba kupitia balozi zetu.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Mzazi anayemwandikisha mtoto baada ya miaka saba, kwa kumbukumbu ya kubahatisha, asimlaumu karani peke yake. Jina likubaliwe nyumbani pamoja na herufi zake, liandikwe mapema, na baba au mama alisome mwenyewe kabla ya kutia saini. Asiyejua kusoma asomewe, na kumsomea iwe ni sehemu ya kazi ya ofisa, si hisani.

Jina jema hung'ara gizani, lakini haliwezi kung'ara katika cheti lilikoandikwa sivyo. Serikali haikuwapa watu wa visiwa hivi majina yao, na kwa hivyo haina haki ya kuwapotezea. Ilichoombwa ni kuyatunza. Amana, kwa desturi yetu, hurudishwa kama ilivyowekwa.